Mwizi Anayeogopa Mvua

Telefone ililia wakati Kapinga angali na kufuli mukononi, mulango wa kibanda chake cha fotokopi haujafunguka hata nusu. Alijua ni nani. Juma zima mutu mumoja tu ndiye alimupigia asubuhi namna ile: Mama Misozi wa Kilwa, kisiwa cha ndani ya ziwa Mweru, nahodha wa mutumbwi wa wanawake, na kila mara sauti yake ilifika imekatwa-katwa na upepo.

"Mwana wangu, majina inakatala kuingia," alisema Misozi. "Tunaandika, tunafinya, inazunguka, inazunguka, kisha inasema turudilie nyuma ya dakika kidogo."

"Basi murudilie, bamayo. Ni mutandao tu," alisema Kapinga, akimwita mama kwa Kibemba.

Kama angejua lile shauri lake litamutoa jasho namna gani kufikia jioni, angeuma ulimi palepale mulangoni. Lakini hakujua, na siku ilikuwa nzuri, na pale Nchelenge stendi ya minibus za Mansa ilikuwa imejaa watu waliokuja mbele ya wakati kwa sababu ya kesho. Aliingia ndani, akawasha ordinatere yake, yaani kompyuta, akachemusha chai.

Kesho ndiyo mashindano ya makasia. Toka mwezi wa kumi na mbili ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazae kwa amani. Nyavu zimekunjwa, mitumbwi imelala tumbo juu kwenye muchanga, na wavuvi wamechoka kugombana na wake zao. Ndiyo sababu mwisho wa mwezi wa pili, siku chache tu mbele ya ziwa kufunguliwa, kila fasi ya kando ya Mweru inaleta mutumbwi wake Nchelenge: Chienge wanakuja na kelele zao, Kashikishi wanakuja na ngoma zao, na wenyeji wanawangojea na maneno ya kuwachokoza waliyotunga mwaka muzima.

Mwaka uliopita Kilwa nao walikuja, wanawake wanane na mutumbwi mumoja uliopakwa rangi ya manjano. Walipiga makasia kutoka kisiwani usiku haujaisha vizuri, wakafika mikono imevimba, wakaambiwa majina yao hayamo. Karatasi yao ilikuwa imepewa mutu wa boti, na mutu wa boti aliisahau ndani ya koti lake. Waliketi muchangani, wakatazama wengine wakishindana, kisha wakapiga makasia tena kurudia kwao. Kapinga ndiye aliyewapelekea maji ya kunywa siku ile. Hakuna aliyelia. Misozi alikunywa, akafuta mudomo, akasema tu kwamba maji ya Nchelenge ina chumvi kidogo.

Kapinga hakuweza kulimeza jambo lile. Sababu ilikuwa ya zamani. Siku alipokimbia vita ya kwao Kongo, mutumbwi aliopanda uliingia maji katikati ya ziwa, na pale ulipotupwa ni Kilwa. Mwanamuke asiyemujua alishuka mbio, akafungua kitenge chake mwenyewe kiunoni, akamufunga nacho, akabaki na sketi ya ndani mbele ya watu wote. Majuma mawili alimulisha ugali na samaki bila kumuuliza jina la baba yake. Mwanamuke yule ni Misozi. Basi mwaka uliopita, pale muchangani, Kapinga alimushika mukono akamwambia: mwaka kesho hakuna karatasi, hakuna koti la mutu. Mutaandika majina wenyewe, kwa telefone, na mimi nitayaona na macho yangu.

Hapo ndipo saiti ya Kando ya Mweru, ile ya habari za ziwa ambayo Kapinga aliiendesha kibandani mwake, ilipopata kazi kubwa. Mbele ya pale ilikuwa inatangaza tu vilio vya misiba, mbuzi waliopotea, na saa za boti. Kamati ya mashindano ilikubali majina yaingie kwa saiti, na ikaweka sheria ya kukata ubishi, kwa sababu kuna manahodha waliozoea kuandika watu wadogo kisha wanaleta majitu yenye mabega: kila mupiga kasia ajiandike mwenyewe, na picha yake akishika kasia, hakuna kuandikiwa. Orodha inafungwa siku ya mwisho saa kumi ya jioni, inapigwa kwenye karatasi, na ambaye hayumo hayumo. Kapinga mwenyewe aliinua mukono mbele ya kamati kuapa kwamba hatamuandikia mutu yeyote.

Na sasa ilikuwa siku ya mwisho, na kwa upande wa Kilwa palikuwa peupe.

Muzee Kabaso, mwenyekiti wa kamati, alifika saa tano na kofia yake na kaye yake, daftari la kuandikia majina, chini ya kwapa. Zamani aliendesha lori za samaki mpaka Lubumbashi, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kimejaa vumbi na kicheko. Aliketi kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa.

"Chienge?"

"Wanane, ba Kabaso."

"Kashikishi?"

"Wanane."

"Na babibi bako ba kule mu maji?"

Kapinga alijifanya anatafuta karatasi. Kabaso aliipapasa kaye yake kama mutu anayepapasa paka.

"Kaye yangu haiombaka mutandao," alisema. "Inaombaka tu bic ya kuandikia."

"Kaye yako njo ilibaacha mwaka ule mwingine."

"Ile ilikuwa koti ya mutu, haikuwa kaye. Usichanganye nguo na vitabu, Mama Kapinga."

Alicheka peke yake. Lakini hakuondoka, na Kapinga aliona vizuri kwamba naye alikuwa anatupia macho ile fasi nyeupe.

Misozi alipiga tena. Walikuwa wamerudilia, wote wanane, na hakuna kilichoingia. Sasa Kapinga aliacha chai. Saiti kama ile haijengwi kwa kipande kimoja. Inabandikwa vipande vidogo-vidogo vinavyoitwa plagini, kila kimoja na kazi yake. Kimoja kinaonyesha picha, kimoja kinaonyesha upepo wa ziwa, kimoja ndicho fomu ya majina, kimoja kinakaa kwenye mulango kama mulinzi. Vilikuwa kumi na kimoja. Chris, fundi aliyevibandika, alikuwa ndani ya minibus fulani kati ya Nchelenge na Mansa, telefone yake imezimika, kama kawaida ya mafundi siku ya shida. Lakini Chris alimuachia somo moja: plagini zikigombana, weka akiba ya saiti kwanza, nakala nzima pembeni, kisha zima moja-moja, na kila ukizima moja, jaribu. Ile utakayozima na shida ikaondoka, ndiyo hiyo.

Aliweka akiba. Alizima ya upepo. Akachukua telefone yake, akaandika jina la kubuni, akafinya. Liliingia bila shida. Akalifuta, akamupigia Misozi: rudilieni. Haikuingia.

Alizima ya picha. Hapo hapo telefone ikalia, na ilikuwa Mwiche, nahodha wa Chienge, anauliza kwa hasira ya kuchekesha kwa nini sura za watu wake zimepotea kwenye saiti, au Nchelenge wameanza kuogopa hata picha. Kapinga akarudisha ya picha. Alizima ya kalenda, na saiti yote ikageuka maandishi makubwa meusi kama tangazo la kilio. Akarudisha ya kalenda. Kabaso alikuwa amesimama nyuma yake sasa, anapumua kwenye sikio lake, anauliza kila kitufe ni cha nini. Kapinga alimwambia kwamba hata yeye kwenye lori alikuwa anatoa plagi moja-moja kutafuta ile iliyokufa, hivyo anyamaze kama fundi mwenzake. Kabaso alipenda sana kuitwa fundi. Alinyamaza karibu dakika mbili.

Kitu kilichomutesa Kapinga ni hiki: kwake kila jina liliingia. Kwa telefone yake, kwa telefone ya Kabaso, hata kwa telefone ya muuza ndizi wa stendi. Kilwa tu ndiko halikuingia. Alifikiri pengine picha ya mutu mumoja ndiyo mbovu na inawaziba wengine. Akamwambia Misozi wajaribu wote tena, mumoja nyuma ya mwingine, wasichoke. Walijaribu, haikuingia, na Misozi akapiga.

"Hatuchoke," alisema Misozi. "Tuko bote hapa ku kichuguu. Lakini mvua iko inakuya, mwana wangu. Tunafunika telefone na beseni. Ikipita tutarudilia."

Kisiwa kizima kile, upande ule wa Misozi, kilikuwa na telefone moja ya kufungua saiti, na fasi moja ya mutandao, ndiyo juu ya kile kichuguu nyuma ya kanisa. Telefone inasimamishwa pale kwenye kijiwe, haishikwi, kwa sababu ukiinyanyua mutandao unakimbia. Kapinga alitoka mulangoni akatazama. Kweli, kule kwenye ziwa, Kilwa haikuonekana tena. Ilikuwa imefunikwa na ukuta wa mvua mweusi, na hapa Nchelenge jua linachoma kichwa. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Alirudi kwenye ordinatere. Saa tisa ilipofika, plagini tisa alikuwa amezijaribu. Zilibaki mbili: fomu yenyewe, ambayo hawezi kuizima kwa sababu ndiyo inapokea majina, na mulinzi. Mulinzi hakuwa amemugusa hata siku moja. Chris alimwambia yule mwache, anajua kazi yake. Sasa alimufungua, na ndani akakuta daftari la mulinzi, mustari juu ya mustari, yote mekundu.

Alisoma mara mbili. Akavuta kiti.

"Ba Kabaso, kuya uone."

Daftari lilisema hivi: kuna mutu, kutoka anwani moja tu, toka asubuhi anapiga mulango wa fomu bila kupumzika. Mara nane ndani ya sekunde kumi. Kisha mara nane tena. Kisha tena. Si mutu, liliandika daftari, ni mashini. Mulinzi alikuwa amemufukuza, amerudi; amemufukuza, amerudi. Na pale walipokuwa wanasoma, baada ya muda kidogo, mistari mipya ikaanza kushuka mbele ya macho yao, nane, na nane, na nane. Ilipokoma, hesabu ilisimama kwenye mia tatu na makumi mbili.

"Mwizi," alisema Kabaso kwa sauti ya chini, kama mutu aliyeona chui kwenye mashamba ya mahindi.

"Mwizi," alisema Kapinga.

Jambo lote likajipanga kichwani mwake mara moja. Kuna mutu anataka kuvunja saiti siku ya mwisho, anaujaza mulango, na kwa sababu mutandao wa Kilwa ni dhaifu, wao ndio wanaosukumwa nje. Kabaso hakungoja maelezo. Alitoka nje akawaambia watu wa stendi kwamba saiti yao inashambuliwa, na kabla Kapinga hajageuka, kibanda kilikuwa na watu kumi na wanne, wanawake na mizigo kichwani, kondakta mumoja, muuza ndizi, wote wanatazama mistari mekundu ambayo hawaijui na wanaipenda. Mumoja alisema ni watu wa Chienge. Mwingine alisema Chienge hawana akili hiyo. Kondakta aliuliza kama anaweza kupigwa picha, huyo mwizi.

Chini ya daftari palikuwa na kitufe: funga anwani hii milele.

"Finya," alisema Kabaso. "Mufunge kabisa, hata bajukuu bake basikanyake humu."

Kapinga alifinya. Mistari mekundu ikawa ya kijivu. Watu walipiga makofi, muuza ndizi akagawa ndizi tatu bure, na Kabaso akapeana mukono na kila mutu kama waziri. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Kapinga, na furaha ile mwilini, akachukua telefone kumupigia Misozi na kumwambia mulango sasa ni mweupe, waingie.

Misozi alimutangulia.

"Sasa ni mubaya kupita," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na uchovu ndani. "Ukurasa yenyewe haifunguke tena. Nyeupe tu, na maneno ya Kingereza. Mwana wangu, niambie kweli. Kama haiwezekane, sema, nibaambie babibi bashuke ku kichuguu. Balikuwa mu mvua, bamelowana."

"Ngoja," alisema Kapinga. "Usibaambie. Ngoja kidogo."

Alitoka nje kupata pumzi. Watu wa stendi walimupigia mikono, shujaa wao. Ziwa lilikuwa linang'aa mpaka mwisho. Kilwa ilikuwa imerudi, ya kijani, imeoshwa, inaonekana karibu kama mutu anaweza kuishika. Mvua ilikuwa imehamia upande wa Kongo. Kapinga aliitazama bila kufikiri kitu. Kisha akafikiri kitu.

Aliingia ndani mbio mpaka akamukanyaga Kabaso. Alifungua daftari la mulinzi, akateremuka kwenye saa. Mwizi alianza asubuhi, dakika chache kabla ya Misozi kupiga mara ya kwanza. Duru ya kwanza, mara sitini na ine. Akapumzika. Duru ya pili, ya tatu, ya ine, kila moja mara sitini na ine, na ile ya ine ikakoma saa nane na dakika kumi na tisa. Halafu hakuna kitu. Dakika arobaini na sita mwizi hakugusa mulango. Halafu saa tisa na dakika tano, duru ya tano.

"Ba Kabaso," alisema, "mwizi gani anaogopa mvua?"

Kabaso alifikiri ni kitendawili. Kapinga alimuonyesha saa kwa kidole, kisha akamuonyesha dirisha, kisha ziwa. Muzee alitazama kimoja baada ya kingine. Pole-pole kofia yake ilitoka kichwani, ikashuka mpaka kifuani.

"Tumefunga babibi," alisema.

"Tumebafunga milele. Na tulipiga makofi."

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Kapinga aliondoa kufuli la milele. Lakini mulinzi ni mulinzi. Alikuwa na hesabu yake mwenyewe. Mutu wa kupiga mulango mara nyingi vile, hata akisamehewa, akirudia kidogo tu anafungwa tena peke yake. Na anwani ya telefone ya kisiwani inaweza kubadilika saa yoyote mutandao ukianguka na kuinuka. Kuwaandika kwenye orodha ya watu wanaojulikana kungekuwa kuandika kwenye maji. Alijaribu Chris mara ya mwisho. Imezimika.

"Ninamuzima," alisema.

"Nani?"

"Mulinzi."

Kabaso alishituka kweli. Dakika kumi na tano zilizopita alikuwa ametangazia stendi nzima kuhusu wezi, na bado nusu ya moyo wake ilikuwa inawaamini. Alisema wakizima mulinzi, watu wabaya wa dunia yote wataingia, watajaza majina ya ovyo, na orodha itakufa kwa Chienge na Kashikishi pia.

"Baingie," alisema Kapinga. "Nitakaa ku mulango miye mwenyewe. Kila jina nitaliona na macho yangu. Njo vile niliahidi."

Akazima. Akampigia Misozi, akamwambia maneno matatu: andikeni sasa hivi. Kisha wakakaa wote wawili mbele ya kioo, na nyuma yao watu wa stendi ambao walikuwa wamerudi bila kuitwa.

Dakika moja. Dakika mbili. Jina likashuka.

Chola. Picha: musichana mwenye kitambaa kilicholowana, kasia limesimama kama mukuki. Kabaso alipiga paja. Jina la pili likashuka: Chola. La tatu: Chola. La ine, la tano, Chola, Chola, uso uleule, kasia lilelile, mpaka Chola nane zikajipanga kama sahani dukani.

"Mutumbwi nzima ya Chola," alisema kondakta kutoka nyuma.

Kapinga alikuwa ameshika kichwa. Nane. Mara nane, na mara nane, na sitini na ine. Akapiga telefone.

"Bamayo, munafinya mara ngapi?"

"Kila mutu mara moja," alisema Misozi, na hakuelewa kwa nini swali lile linaulizwa na pumzi ya namna ile. "Chola anaandika, kisha tunafinya bote, mumoya nyuma ya mwingine. Ni sawa kuvuta wavu. Nani atasimama na mikono ya kukunja wakati mwenzake anavuta?"

Kapinga alifunga macho. Aliwaona: wanawake wanane kwenye kichuguu wamelowana, telefone imesimama kwenye kijiwe hainyanyuliwi, na kila jina linasukumwa na vidole vinane ili lisiwe la mutu mumoja peke yake. Ndiyo mashini ile. Ndiyo mwizi. Alitaka kucheka, akaogopa kwamba akianza atapoteza dakika.

"Sikia vizuri. Kidole kimoya. Kidole cha mwenye jina, mara moja, kisha mungoje hata ikikawia. Bengine bashike mikono nyuma."

Halafu alimusikia Misozi akigeukia wenzake na kuwaambia kwa Kibemba, na akasikia sauti saba zikibisha kwa pamoja, na Misozi akizikata zote kwa neno moja.

Saa tisa na dakika arobaini na tisa. Kapinga alifuta Chola saba, akabakiza mumoja. Jina la pili likashuka, Kafula, mama mwenye meno ya mbele mawili yaliyoachana, anacheka. Moja tu. La tatu, la ine. Kabaso alifungua kaye yake bila kujua, akawa anayaandika pembeni kwa bic, ulimi umetoka. La tano lilikawia sana, mpaka watu wa nyuma wakaanza kuhesabu kwa sauti kama wanahesabu pumzi za mugonjwa. Lilipoingia, muuza ndizi alimukumbatia mutu asiyemujua. La sita. Saa tisa na dakika hamsini na sita, la saba.

La nane halikuja.

Kapinga hakupiga telefone; akipiga, atakata mutandao wao. Alikaa na mikono chini ya mapaja yake mwenyewe ili isifanye kitu. Alijua ni nani aliyebaki. Nahodha ndiye wa mwisho kupanda mutumbwi. Misozi aliwatanguliza wote. Dakika hamsini na saba. Kabaso alinong'ona kwamba kama mwenyekiti anaweza kusema saa yake inachelewa. Kapinga alitikisa kichwa: fomu inajifunga yenyewe, haimusikilizi mwenyekiti. Dakika hamsini na nane. Nje minibus ya Mansa ilipiga honi kumuita kondakta wake, na kondakta hakugeuka.

Dakika hamsini na tisa, kioo kikaruka kidogo, na jina likashuka.

Misozi. Picha ilikuwa imepigwa vibaya, imelala upande, na yeye alikuwa amevaa lile beseni kichwani kama kofia ya askari, kwa sababu mvua ndogo ilikuwa imerudi, na kasia amelishika kwa mikono miwili. Hakucheka. Alikuwa anamutazama Kapinga moja kwa moja.

Fomu ikajifunga. Kelele iliyotoka kwenye kile kibanda iliwafanya mbuzi wa barabarani wakimbie. Kabaso alikuwa akiruka, muzee wa miaka makumi saba, kofia mukono mumoja, kaye mukono mwingine, akisema wanane, wanane, kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. Kapinga alimuwasha mulinzi tena, akapiga orodha kwenye karatasi, na Kabaso akaichukua ingali moto akaenda nayo ofisini kwa kamati kwa mwendo ambao hakuna aliyewahi kumuona nao.

Ndipo Kapinga akapiga telefone kisiwani, kutubu. Alieleza yote: daftari, mistari mekundu, watu wa stendi, kitufe cha milele, ndizi za bure. Hakuacha kitu. Misozi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe uliniita mwizi," alisema.

"Ndiyo, bamayo."

"Na batu balipiga makofi."

"Balipiga."

Kapinga akamusikia akiwaelezea wenzake kwenye kichuguu, na kicheko kikaanza mbali, kikakua, kikawa cha wanawake wanane, mpaka mutandao ukashindwa kukibeba ukakatika.

Asubuhi muchanga wa Nchelenge haukuwa na fasi ya kuweka muguu. Chienge walikuwa tayari, Mwiche amesimama mbele ya mutumbwi wake anawatupia Kashikishi maneno. Habari ya mwizi wa mvua ilikuwa imepita muji muzima usiku, kwa hiyo mutumbwi wa manjano ulipotokea kwenye maji, mikono kumi na sita ikipanda na kushuka pamoja, watu hawakungoja kuambiwa. Wezi wamefika, walisema, shikeni mizigo yenu. Misozi alikuwa mbele. Alipokaribia aliweka kasia chini, akainama, akanyanyua lile beseni juu kwa mikono miwili, ziwa zima likaliona.

Kabaso alisoma orodha kwa kipaza sauti. Alipofika Kilwa alisimama, akasafisha koo, akasoma majina nane pole-pole, na kila jina mutu wake aliinua kidole kimoja tu, mara moja, wengine wakishika mikono nyuma. Kapinga alikuwa ameingia majini mpaka magoti bila kujua, viatu mukononi. Misozi alimuona.

"Weye mulinzi," aliita kutoka kwenye mutumbwi, "leo tunapita?"

"Mupite, bamayo."

Filimbi ikapigwa, na makasia yote yakaingia majini.